Ukikimbia Baridi ya Juni, Uliza Kwanza Upepo Unatoka Wapi

Ikifika Juni, Nyanda za Juu Kusini huwa na mada moja tu. Makete sakitu imeunguza majani ya viazi, Njombe maji ya bomba yanauma vidole, Mufindi ukungu haunyanyuki mpaka saa nne, na Mwanjelwa pale Mbeya wauza mitumba wametandaza makoti mbele, mashati nyuma. Mtu aliyeuza parachichi kwa bei nzuri, au mtumishi ambaye likizo yake imeangukia Julai, akianza kuwaza ufukwe wenye joto nje ya nchi, nani wa kumlaumu? Anachukua simu, anatafuta, na mkanganyiko unaanzia hapo.

Orodha nyingi za fukwe za kukimbilia msimu wa baridi zilizojaa mtandaoni zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa London au Stockholm. Baridi yake ni ya Desemba hadi Februari, ya kwetu ni ya Juni hadi Agosti. Anaposhauriwa aende Goa, Maldivi, Phuket au Dubai, ushauri ni mzuri kabisa kwa Januari. Mtu wa Makambako akiufuata mwezi wa saba atakuta Goa inanyesha kutwa na waokoaji wanawakataza watu kuingia majini, Maldivi mvua za vipindi, Phuket mawimbi na bendera nyekundu. Dubai nako jua linapita nyuzi joto 40, na mgeni anashinda chumbani kwenye kiyoyozi. Amelipa nauli ya ndege kukimbia baridi ya mlimani akakae kwenye baridi ya mashine.

Kwa hiyo kuuliza "nchi gani ina fukwe za joto" hakukufikishi mbali. Uliza mwezi huo upepo unatoka upande gani, na ufukwe unaoutaka umeupa uso au umeupa mgongo. Mengine yote, nauli, hoteli, hata pasipoti, yanapangika vizuri zaidi ukishalijibu hilo.

Upepo mmoja, safari ndefu

Mwezi Juni jua liko kaskazini ya ikweta. Nchi kavu ya Asia inapata joto kali, hewa yake inapanda, na pengo linalobaki linavuta hewa kutoka mbali, kutoka bahari ya kusini ambako wakati huo ni baridi. Hewa hiyo iliyo safarini ndiyo kusi. Huanza kuvuma mnamo Aprili, hukaza Juni na Julai, na hulegea kuelekea Septemba na Oktoba. Baadaye kaskazi hushika zamu, hasa Desemba hadi Machi.

Sisi wa milimani huwa tunaichukulia kusi kama habari za wavuvi wa Pwani. Lakini ukungu wa Mufindi ni kazi yake. Hewa yenye unyevu kutoka baharini ikigonga ukingo wa milima upande wa mashariki hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu na manyunyu juu ya mashamba ya chai. Kule ambako wingu halifiki, usiku anga huwa jeupe, joto la ardhi hupotelea juu, hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana sakitu hupiga bonde na kuuacha mgongo wa kilima. Ongeza na mwinuko wenyewe: kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo hufika mita 2,600. Kwa hesabu hiyo peke yake, kuteremka hadi usawa wa bahari kunakupa nyuzi 10 au zaidi kabla hata hujachagua nchi. Usiku wa Julai Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na wenyeji wanatafuta sweta. Mtu wa Tukuyu anawaangalia tu.

Sasa ifuate kusi uone inakoishia. Ikishavuka ikweta, mzunguko wa dunia huipinda kulia na kuifanya upepo wa kusini-magharibi. Hupita kwa kasi kandokando ya Somalia, husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Hufika kusini mwa Oman na kuifunika Salalah kwa ukungu na manyunyu kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba. Waarabu wa Ghuba, waliochoshwa na joto la kwao, humiminika huko kwa furaha. Mpeleke mtu wa Rungwe Salalah mwezi wa saba: ukungu upo, majani mabichi yapo, hata migomba ipo. Atauliza kwa nini ametozwa hela kuonyeshwa kwao.

Upepo huohuo huendelea hadi pwani ya magharibi ya India, hugonga milima ya Ghats na kumwaga mvua inayoifunga Goa. Enzi za majahazi ya tanga, bandari nyingi za pwani ile zilifungwa kwenye kilele cha msimu, na manahodha wa huku kwetu walipanga kutweka ama mapema, kabla kusi haijakaza, ama mwishoni inapolegea. Kama nahodha aliiogopa Julai, mtalii naye asikie.

Ukishaielewa njia hiyo, mambo yaliyoonekana kama bahati nasibu yanaanza kupangika. Sri Lanka mwezi Julai upande wa Colombo bahari imechafuka, wakati Trincomalee, pwani ya mashariki ya kisiwa hichohicho, maji yametulia, kwa kuwa milima ya katikati imeukinga upepo. Thailand ni vilevile: Phuket iko upande unaopigwa, Koh Samui iko upande wa pili na hupata nafuu. Nchi moja, mwezi mmoja, likizo mbili tofauti kabisa.

Joto la hewa halikuambii joto la maji

Mtu akifungua programu ya hali ya hewa akaona "Mombasa nyuzi 28" anaridhika. Hiyo ni hewa ya mchana kivulini. Maji ya Bahari ya Hindi kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki hufika nyuzi 29 hivi mwezi Machi, lakini Julai na Agosti hushuka hadi 25 au 26. Kwa mtu anayeoga maji ya ndoo Iringa, nyuzi 25 ni raha tupu. Shida huja unapotoka majini: mwili umelowa, kusi inavuma, ngozi inapoteza joto haraka, na mtoto anatetemeka meno huku jua linawaka. Ukikaa nyuma ya kizuizi, mwamba, minazi, hata ukuta wa hoteli, ufukwe uleule unabadilika.

Ndiyo sababu sehemu mbili zinazosifiwa sana kwa kusi, Paje kule Unguja na Diani kule Kenya, nazitilia shaka kwa familia yenye watoto wadogo mwezi Julai. Sifa zake ni za kweli, ila wanaozisifu wengi ni wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa, na wao wanautaka upepo. Soma maoni ya wageni kwa jicho hilo. Mmoja akiandika "upepo mzuri kila siku", wewe jiulize bibi atakaa wapi.

Kusi ina zawadi nyingine: mwani. Fukwe nyingi za Kenya zinazotazama mashariki huamka na mikanda ya mwani uliotupwa na mawimbi, hasa miezi hii. Haumdhuru mtu. Unanuka kidogo ukikauka, unawavuta wadudu, na unaiharibu picha uliyoilipia. Hoteli nyingine huuzoa kila asubuhi, nyingine huuacha kwa kuwa unasaidia kuushika mchanga usichukuliwe na bahari. Mimi naona wa pili wana hoja.

Maji huondoka

Kuna jambo ambalo picha za hoteli hazilisemi, na kwa mtu aliyezoea ziwa ni rahisi kulisahau. Kyela maji ya asubuhi ndiyo ya jioni. Baharini hapana. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, na mahali ambapo sakafu ya bahari ni tambarare, mita hizo chache za wima huwa mamia ya mita za mlalo. Mgeni anafika ufukweni na taulo begani, anakuta mchanga mtupu, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mawimbi yanasikika kwa mbali kwenye mwamba.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja na tofauti huwa kubwa: hiyo ndiyo bamvua. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na bahari haisogei sana.

Hapa kuna siri ndogo yenye faida. Kwenye pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa tena mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, asubuhi hiyohiyo kuna maji ya kutosha kuogelea. Maana yake, ukiwa na siku nne tu za likizo na unawataka watoto majini asubuhi, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba, na uchague siku za mwezi nusu. Ukitaka kutembea mpaka kwenye mwamba uone matumbawe na pweza kwenye mashimo yao, chagua bamvua, vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, na anza kurudi kabla maji hayajageuka. Bahari ikirudi hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na nchi kavu, na watu hujikuta wamezingirwa huku wakiangalia maji yaliyo mbele.

Kwa anayechukia kupangiwa ratiba na mwezi, tafuta mahali penye kina karibu na ufukwe. Kwa upande wetu wenyewe, Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini ya Unguja, maji hayakimbii mbali, na Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo imeipa kusi mgongo. Si nje ya nchi, najua. Nimeitaja kwa kuwa wako wanaovuka mipaka miwili kutafuta kitu walichokiacha nyuma yao.

Kenya, kwa basi

Mtanzania haingii Kenya kwa viza, na ule utaratibu wa idhini ya kielektroniki ulioanza Januari 2024 hauwagusi raia wa Afrika Mashariki. Kinachomchosha mtu wa Mbeya ni barabara: zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, kisha Tanga, kisha mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Wa Iringa amepunguziwa, kwake Dar ni kilomita 500 hivi. Ukisafiri kwa njia hiyo, Diani inakuja kabla ya Mombasa. Shuka Ukunda, chukua tuktuk, utafika ufukweni bila kuvuka kivuko cha Likoni. Wengi hupitiliza mpaka mjini, wanavuka, wanalala, kesho yake wanavuka tena kurudi kulekule.

Karibu pwani yote ya Kenya inatazama mashariki, kwa hiyo mahali pa kuipa kusi mgongo ni pachache. Nafuu iko kwenye hori, ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu: Mtwapa, Kilifi, Mida karibu na Watamu. Ndani ya hori hakuna mawimbi makubwa, na unaweza kukaa kwenye maji tulivu huku nje ya mwamba bahari imechafuka. Kumbuka pia mvua. Mei ndiyo mwezi wenye mvua nyingi Mombasa, na manyunyu huendelea Juni na Julai, mara nyingi usiku na alfajiri. Agosti kuna nafuu ya mvua, lakini shule za Kenya zimefunga na watu wa Nairobi wameteremka, bei nazo zimepanda.

Ziwa upande wa Malawi

Kwa mtu wa Mbeya, Tukuyu au Kyela, ufukwe wa nje ya nchi ulio karibu kuliko yote hauna chumvi. Kutoka Uyole unashuka Tukuyu, unafika mpaka wa Kasumulu, kilomita 110 na kidogo. Unavuka mto Songwe, unaingia Karonga, unafuata ziwa kuelekea kusini, unapanda Mzuzu, kisha unateremka Nkhata Bay. Jumla haifiki kilomita 450, siku moja ndefu kama umeanza alfajiri na foleni ya mpakani haikukamata. Mtanzania hahitaji viza Malawi. Shida iko kwenye fedha: Malawi imekuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na bei ya kwacha mpakani haifanani na ya benki. Vijana wanaobadilisha hela pale ni wepesi wa mikono, kwa hiyo hesabu noti zako ukiwa umeketi, usihesabu ukiwa umesimama katikati yao.

Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo mchana wa Julai ni wa joto zuri. Maji yake lakini hupoa kuliko bahari: nyuzi 23 hadi 24 miezi hii, kutoka 28 hivi wakati wa joto. Na kusi iko hapa pia. Wavuvi wa ziwani huiita mwera. Huvuma kutoka kusini-mashariki siku kadhaa mfululizo, hutulia, kisha huanza tena. Kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na limelala kusini-kaskazini, upepo una uwanja mrefu wa kuyapandisha mawimbi, na yanayofika ncha ya kaskazini ni yale yaliyokwisha kukomaa. Matema, Kyela na Karonga ziko huko kwenye ncha. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda Matema Julai akakuta ziwa linanguruma kama bahari chini ya milima ya Livingstone, asiamini kuwa ndiyo Matema iliyolala kimya mwezi wa Novemba.

Nkhata Bay ina ahueni: mji umejificha kwenye ghuba zenye rasi za mawe zinazovunja mawimbi, na maji ni mangavu kiasi kwamba samaki wadogo wa rangi, wale wanaouzwa Ulaya kwa ajili ya matangi ya vioo, unawaona ukiwa juu ya jiwe. Cape Maclear, kusini kabisa, iko ndani ya hifadhi ya taifa iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1984. Ufukwe wake unatazama upande ambao mwera haiugongi moja kwa moja, ila kutoka Mbeya ni mbali sana. Mtu asikudanganye kuwa unaenda na kurudi wikiendi.

Mambo mawili ya ziwani hayana mzaha. La kwanza ni mamba na viboko, hasa karibu na midomo ya mito na penye matete. Oga pale wenyeji wanapooga, saa wanazooga. La pili ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na hupenya ngozi bila kuuma. Ziwa Nyasa linacho, Cape Maclear hasa, hata kama mwenye nyumba ya wageni ataapa kuwa kwake hakipo. Dawa ipo, prazikwanteli, na si ghali. Imeze wiki sita hadi nane baada ya safari, kwa kipimo cha uzito atakachokuambia mfamasia au daktari. Ukiimeza siku ya kurudi utakuwa umewahi mno, kwa kuwa inawaua minyoo waliokwisha kukua na kuwaacha wachanga.

Mbali zaidi

Visiwa vya Shelisheli na Morisi ndiko kanuni ya uso na mgongo inakoonekana waziwazi. Shelisheli iko karibu na ikweta, hewa yake haishuki sana mwaka mzima, na kusi huifanya miezi hii kuwa mikavu. Kisiwani Mahé, ufukwe wa Beau Vallon unatazama kaskazini-magharibi na hutulia. Kisiwani Praslin, ufukwe wa Anse Lazio vilevile. Lakini Grand Anse ya kisiwa cha La Digue huwa na mikondo hatari kipindi hiki. Morisi iko nyuzi 20 kusini ya ikweta, kwa hiyo Agosti wao pia wana baridi yao: maji nyuzi 22 au 23, na pwani ya mashariki kama Belle Mare inapigwa na upepo. Nenda Flic en Flac upande wa magharibi, au Grand Baie. Nchi zote mbili, Shelisheli na Morisi, hazimdai Mtanzania viza, ingawa Shelisheli hutaka uombe idhini ya kuingia mtandaoni. Na zote hazina malaria, jambo ambalo mzazi wa Makete alipe uzito.

Durban huvutia kwa jina. Julai jua lipo, mvua hakuna, mchana nyuzi 22 au 23, maji kama 20. Hayo ni maji ya mtu aliyezoea. Isitoshe, shule za Afrika Kusini hufunga kati ya mwishoni mwa Juni na katikati ya Julai, na ufukwe hujaa. Msumbiji ina miezi mikavu mizuri kuanzia Mei, lakini Cabo Delgado, iliyo karibu nasi, imekuwa na mashambulizi tangu Oktoba 2017, na Tofo yenye amani iko kusini sana, ambako maji nayo yamepoa.

Ukitaka joto lisilo na mjadala, vuka uende kwenye kiangazi cha kaskazini. Hurghada na Sharm el-Sheikh kule Misri hazijui mvua, maji ya Bahari ya Shamu mwezi Julai ni nyuzi 27 au 28, na kusi haifiki. Antalya ya Uturuki hali kadhalika. Hapo ndipo Wazungu wote wako likizo, kwa hiyo vyumba ni bei ya juu, na mchana wa Misri unachoma. Mimi ningemshauri mtu wa huku aende Septemba, lakini Septemba Iringa kumeshaanza kupata joto na sababu ya safari imekwisha.

Kabla ya kulipa

Pasipoti ya kawaida hudumu miaka 10, kwa hiyo gharama yake igawe kwa safari zijazo. Kila mtoto awe na hati yake, na kama anasafiri na mzazi mmoja, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya yule anayebaki. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Tangu Julai 2016 kadi yake ni halali maisha yote, hivyo asikutishe mtu kuwa imepitwa na wakati kwa kuwa ilichomwa zamani.

Kabla hujatuma malipo ya chumba, mwandikie mwenye hoteli maswali matatu: ufukwe wenu unatazama wapi, mwezi huo upepo unatoka wapi, na tarehe nitakazokuwepo maji yanajaa saa ngapi. Anayeijua kazi yake atajibu kwa dakika moja, pengine na picha ya leo asubuhi. Anayekujibu kwamba hapa kwetu ni joto mwaka mzima, mshukuru, kisha piga simu kwa jirani yake.

Halafu malaria. Mtu wa Njombe au Makete amekua mahali ambapo mbu wake ni wachache, na mwili wake haukuzoea kupambana nayo kama wa mtu wa Kyela. Pwani ya Kenya na kandokando ya Ziwa Nyasa ugonjwa upo hata miezi ya ubaridi. Uliza kituo cha afya kuhusu dawa za kujikinga, lala ndani ya chandarua, na chandarua chako mwenyewe kiwe kwenye begi. Dalili hazitokei siku ya kuumwa na mbu. Huchukua siku saba au zaidi, wakati mwingine mwezi. Kwa hiyo homa inaweza kukukuta umesharudi mlimani, katikati ya Agosti, wakati nusu ya mtaa inakohoa. Mwambie mhudumu tangu mwanzo kuwa umetoka ziwani au baharini, akupime malaria kabla hajaandika dawa za mafua.